Mkeka wa Karibu na Mlango

Hapo zamani, wakati umbali ulihesabiwa kwa siku na uchovu wa miguu, palikuwa na mji uitwao Majabali. Mji huo haukuwa na dhahabu wala soko kubwa, lakini wageni walikwenda. Walikwenda kwa sababu tatu. Kulikuwa na pango ambamo watu wa mji walijificha siku za vita. Kulikuwa na msitu wa nyuki, mizinga imening'inia kila mti. Na kulikuwa na tanuri la wafinyanzi, ambalo mitungi yake ilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka sita na haikuwa na ufa hata mmoja.

Kila sababu ilikuwa na mwongozaji wake. Zamani waongozaji hao waliwangoja wageni langoni na kuwagombania. Mmoja anavuta mkono, wa pili anavuta mzigo, wa tatu ameshaondoka na punda. Kila mmoja anaapa kwamba cha kwake ndicho cha kuonwa na cha wenzake ni kupoteza muda. Siku moja mgeni akachaniwa kanzu vipande viwili. Alirudi kwao amejifunga gunia, na kila alipopita aliulizwa, na kila alipoulizwa alieleza. Wageni wakapungua. Ndipo watu wa Majabali wakajenga Nyumba ya Njia, wakatandika mikeka mitatu, wakaweka sheria.

Karibu na mlango, mkeka mweusi: anayekaa hapo anataka pango. Katikati, mkeka wa manjano: anataka nyuki. Ndani kabisa, ukutani, mkeka mwekundu: anataka tanuri. Mgeni akae apendapo. Asiitwe, asivutwe, asisogezwe. Hata kumuuliza kama ana hakika ni kumtukana, ni kumwambia kwamba hajui akili yake. Apewe kahawa. Kahawa ikiisha hajahama, mkeka umesema, na mwongozaji wa mkeka huo atamchukua.

Ilikuwa sheria nzuri. Kwa miaka mingi haikumdhuru mtu.

Sasa, ng'ambo ya mto, mwendo wa siku sita kutoka Majabali, alikuwapo mfinyanzi aitwaye Mwanamvua. Alizaa watoto saba, na mume wake alifariki wa mwisho akiwa bado tumboni. Wote saba aliwalea kwa vyungu. Vyungu vya mboga, vyungu vya wali, vyetezo vya kufukizia ubani, vibia vya kufunikia. Mitungi mikubwa ndiyo iliyomshinda. Anaufinyanga mtungi vizuri, anaukausha vizuri, anauingiza motoni, unapasuka. Miaka thelathini unapasuka. Vigae alivitupa nyuma ya nyumba hadi vikawa kilima na kuku wakatagia juu yake.

Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyemletea habari za tanuri la Majabali. Mwanamvua akasema: mtoto wa mwisho akishaolewa, nitakwenda nikaone wanachomaje. Hakusema zaidi, akaendelea na kazi. Miaka tisa baadaye mtoto wa mwisho, Kidawa, akaolewa. Mwezi wa pili wa ndoa, mume wa Kidawa akampa ruhusa ya siku kumi na tano amsindikize mama yake, kwa kuwa mwanamke wa umri ule hasafiri peke yake.

Kidawa hakupenda vyungu. Alizaliwa katikati ya vyungu, akachota udongo kabla hajajua kusuka nywele, na kila alichokifinyanga kilikaa upande. Njiani aliwaambia wasafiri wenzao kwamba watu wengine wanasafiri ili waone kitu kipya, lakini mama yake anatembea siku sita kwenda kutazama chungu. Watu wakacheka. Mwanamvua naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wakafika chini ya lango la Majabali. Palikuwa na kisima. Mwanamvua akabaki na punda, Kidawa akaenda kuteka maji. Wanawake wa kisimani wakamweleza mikeka ya Nyumba ya Njia: mweusi pango, manjano nyuki, mwekundu tanuri. Tena wakamweleza habari za pango. Jinsi jiwe linavyoviringishwa likaziba mlango. Jinsi giza linavyokuwa zito hata huoni kiganja chako. Jinsi wasichana wanavyopiga kelele, kisha wakatoka wakicheka na kutaka kurudi tena.

Kidawa akarudi na maji. Mama yake akanywa, punda akanywa. Kidawa hakusema chochote juu ya mikeka.

Mlinzi wa Nyumba ya Njia aliitwa Bi Tausi. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana mume, hana mtoto, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa mume na mtoto wake. Akawakaribisha vizuri, akasema piteni ndani.

Nanyi mnajua, au kama hamjui nitawaambia: ng'ambo ya mto, mgeni mwenye adabu akikaribishwa ndani hukaa karibu na mlango. Hasogei mpaka asogezwe. Akiambiwa sogea mara ya kwanza, husema hapa panatosha. Mara ya pili, husema nina vumbi. Mara ya tatu ndipo hunyanyuka. Mtu anayeingia na kwenda moja kwa moja mpaka ukutani, kwenye mkeka mzuri, watu huuliza alilelewa na nani.

Mwanamvua akavua viatu. Aliuona mkeka mwekundu kule ndani, akausifu moyoni. Kisha akakaa karibu na mlango, kwenye mkeka mweusi, akangoja asogezwe. Kidawa akamtazama mama yake. Akaufungua mdomo, akaufunga, akakaa karibu naye.

Bi Tausi akamimina kahawa. Alipompa mgeni kikombe aliona mikono. Udongo ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja, udongo wa miaka ambao hauondoki kwa maji. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepinda kwa kazi ya kulainisha midomo ya vyungu. Bi Tausi akajua huyu ni mfinyanzi. Akatazama mkeka mweusi. Akatazama mkeka mwekundu. Akangoja mgeni ahame.

Mgeni akangoja asogezwe.

Kahawa ikaisha. Bi Tausi akamimina kikombe cha pili, kwa kuwa sheria ilitaja kahawa lakini haikutaja vikombe. Mwanamvua akanywa, maana mgeni hakatai. Bi Tausi akangoja. Kahawa ikaisha. Akamimina cha tatu. Mwanamvua akanywa, akiwaza kwamba watu hawa ni wakarimu sana wa kahawa, ila hakuna aliyewafundisha kumsogeza mgeni. Kahawa ikaisha.

Mkeka ukawa umesema.

Mwongozaji wa pango akaja kuwachukua. Aliitwa Shomari, mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, mjane mwenye watoto wanne wadogo. Pango alirithi kwa baba yake, na kwa miaka ishirini aliwaingiza wageni na kuwatoa, wote wazima. Siku hiyo wageni wake walikuwa wanane, Mwanamvua na Kidawa wakiwamo. Akawasalimu, akawatania, akamwambia Mwanamvua, "Mama, leo utarudi kijana." Wakaondoka.

Njia iligawanyika nje ya mji. Upande wa kushoto, nyuma ya miti, moshi mzito ulipanda. Mfinyanzi anaujua moshi wa tanuri kama mama anavyokijua kikohozi cha mtoto wake. Shomari akashika njia ya kulia.

"Kidawa," Mwanamvua akasema polepole, "moshi uko kule."

"Njia inazunguka, mama," Kidawa akajibu.

Wakaendelea kupanda.

Pango lilikuwa na mdomo mwembamba, na kando ya mdomo kulikuwa na jiwe la duara limesimama kwenye mfereji, refu kuliko mtu. Shomari akawaingiza, akasimulia. Alisimulia vizuri. Alisema jinsi adui alivyokuja, jinsi watu wa mji walivyoingia humu na mbuzi wao na wagonjwa wao, wakajifungia siku saba, wakinyamazisha watoto kwa viganja. Mwishoni akasema kwamba hadithi ya giza haielezwi kwenye mwanga. Angeizima taa, angeliachia jiwe lifunge, na wangehesabu pamoja mpaka mia. Kisha angelivuta tena kwa kamba watoke.

Naye alikuwa na desturi ya kuuliza mara tatu.

"Mko radhi?" akauliza. Wakajibu tuko radhi. Mwanamvua akajibu pamoja nao, kwa kuwa mtu hawaharibii wenzake safari.

"Mko radhi?" Wakajibu tuko radhi. Mwanamvua akajibu, sauti yake ikiwa ndogo.

"Mko radhi?" Wakajibu tuko radhi.

Shomari akaizima taa, akaifungua kamba ya jiwe na kuiachia.

Mwanamvua alikuwa amesimama karibu na mlango. Kumbuka, yeye ni mtu wa kusimama karibu na mlango. Alikuwa mwanamke aliyefanya kazi nje maisha yake yote, uani, kwenye jua na upepo. Hakuwahi kulala chumba kisicho na dirisha. Aliona ule mstari wa mwanga ukipungua. Ukawa upana wa mtu. Ukawa upana wa mtungi. Ukawa upana wa kiganja. Na hapo akasema "Ngoja", akapeleka mkono wa kulia kwenye mwanga ili aushike.

Jiwe halikungoja.

Sina namna nyingine ya kulisema. Wale wageni walidhani ukelele ule ni sehemu ya mchezo, na wawili wakaanza kuhesabu. Walifika kumi na nne ndipo Kidawa aliposhika kitu kilicholowa kwenye mkono wa mama yake na kujua si maji. Shomari akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Jiwe likarudi. Mwanga ukaingia, na kila aliyekuwa ndani akaona.

Mganga wa mifupa aliitwa. Akautazama mkono, hakuugusa. Akaomba kisu na moto.

Siku saba Mwanamvua alikuwa na homa katika nyumba ya Bi Tausi. Siku ya nane akaamka, akaomba uji, akaunywa kwa mkono wa kushoto na nusu yake ukammwagikia kifuani. Akasema hatalala tena kabla hajaona kile alichokijia. Basi wakampeleka kwenye tanuri, wakimshika huku na huku.

Wafinyanzi wa Majabali walimkalisha kwenye kiti, wakamwonyesha kila kitu. Aliitazama mitungi yao. Aliigonga moja moja kwa kifundo cha kidole cha kushoto, akisikiliza. Kisha akauliza swali moja, lile alilotembea nalo siku sita: mnachanganya nini kwenye udongo?

Wakamwonyesha kinu. Ndani ya kinu mlikuwa na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa vikawa kama chenga za mchele. Wakamwambia hiyo ndiyo siri yote. Udongo uliokwisha kuchomwa ukichanganywa na udongo mbichi, moto hauupasui.

Mwanamvua akachota chenga zile, akazisugua kati ya vidole. "Nina kilima cha hivi nyuma ya nyumba," akasema. "Kuku wangu wanatagia hapo." Akacheka kidogo. Kisha akautazama mkono wa kulia, mahali ulipokuwa, na wafinyanzi wote wakatazama chini.

Sasa Majabali walikuwa na sheria nyingine, ya zamani kuliko ya mikeka. Aliyemharibia mgeni kiungo, atakuwa kiungo hicho. Hatakatwa, hatafungwa. Atakwenda na mgeni kwao, na kazi iliyofanywa na kiungo kile ataifanya yeye mpaka mmoja wao afe. Jicho likipotea, mtu mmoja. Mguu ukipotea, mtu mmoja. Mkono uliopotea ni mmoja, na mtu angekuwa mmoja, si wawili wa kupokezana.

Siku ya kumi jumbe wa mji akawakusanya watu katika ua wa Nyumba ya Njia. Jumbe alikuwa mtu wa haraka, na asubuhi hiyo jino lilikuwa linamuuma. Alitaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Alidhani ni jepesi: mwongozaji aliliachia jiwe, mwongozaji aende.

Shomari akasimama. Hakukataa kwamba aliliachia jiwe. Alisema yeye ni mwongozaji wa pango, na mgeni aliletwa kwake kutoka mkeka mweusi. Angejuaje kwamba alitaka vyungu? Tena aliuliza mara tatu, kama baba yake alivyouliza, na baba wa baba yake. Ana watoto wanne, mama yao yuko kaburini. Akienda ng'ambo ya mto, nani atawapikia?

Watu wakaitikia kwa vichwa kwamba ni kweli. Lakini mzee mmoja wa wale wageni wanane akasema kwamba mara ya tatu yeye alikuwa amesimama karibu na Mwanamvua, na hakumsikia akijibu.

Jumbe akamgeukia Shomari.

"Nilihesabu," Shomari akasema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Huwa nahesabu sauti. Mara ya tatu zilikuwa saba."

Watu wakashika vinywa.

"Saba, na wao walikuwa wanane. Nikasema ni mtu anayeona haya. Kila siku yuko mmoja anayeona haya. Na ile 'ngoja' niliisikia pia. Kila siku yuko mmoja anayesema ngoja, na akitoka nje ndiye anayecheka kuliko wote. Miaka ishirini ni hivyo."

Wengine wakasema basi imekwisha, ni yeye. Jumbe akanyanyuka nusu. Lakini Shomari akanyoosha kidole kwa Bi Tausi, akasema aulizwe na yeye. Aulizwe kwa nini siku ile vikombe vilikuwa vitatu.

Bi Tausi akasimama na kitambaa chake cha kupangusia vikombe bado mkononi. Akasema alishika sheria. Hakumwita mgeni, hakumvuta, hakumsogeza. Kama mji unataka mlinzi anayevunja sheria, ungetafuta mwingine.

"Vikombe vitatu, Tausi," jumbe akasema. "Una ukarimu gani wa ghafla hivyo? Mimi mwenyewe hunipa kimoja."

Bi Tausi akakikunja kitambaa, akakikunjua.

"Niliiona mikono yake," akasema. "Nilijua ni mfinyanzi tangu kikombe cha kwanza. Nilijua amekaa pasipo pake."

Watu wakashika vinywa mara ya pili.

Akasema aliwaza kumuuliza neno moja tu: mama, wewe ni wa vyungu? Lakini alikumbuka mlinzi aliyekuwapo kabla yake, aliyefukuzwa kwa kumuuliza mgeni swali kama hilo. Nyumba hii ndiyo riziki yake. Basi akaacha swali, akamimina kahawa. Akauliza kama kosa la mtu aliyeshika sheria linaweza kuwa sawa na la mtu aliyesikia sauti saba.

Hapo mama mmoja wa kisimani, aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya dagaa: "Na yule binti je? Si tulimweleza mikeka yote? Nilimwonyesha hata kwa vidole."

Ua wote ukageuka. Kidawa alikuwa ameketi karibu na mama yake, akimshikia kikombe cha maji.

Mwanamvua hakugeuka upesi. Alidhani amesikia vibaya. "Kidawa," akasema, "ulikuwa unajua?"

Kidawa akakiweka kikombe chini.

"Nilikuwa najua, mama."

"Moshi nilipokuonyesha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilitaka kuliona pango. Nilisema tutaanza pango, kesho twende kwenye vyungu vyako, kwani vyungu vinakimbia? Maisha yangu yote ni vyungu, mama. Nilitaka siku moja."

Watu wakashika vinywa mara ya tatu, na safari hii hawakuviachia. Hata jumbe alisahau jino.

Mwanamvua akamtazama mwanawe. Hakumpiga. Hakulia.

"Lilikuwa zuri?" akamuuliza. "Hilo pango."

"Sikuliona, mama," Kidawa akasema. "Taa ilikuwa imezimwa."

Basi ua ukagawanyika. Wako waliosema Kidawa ndiye, kwa kuwa alijua na akadanganya, na tena ni mtoto wa tumbo lake. Wengine wakawajibu kwamba mtoto kumtumikia mama yake si malipo, ni wajibu wake hata bila jiwe, na mji utakuwa haujamlipa mgeni chochote. Wakaongeza kwamba ana mume wa miezi miwili; akirudi kukaa kwa mama yake mpaka kufa, ndoa imekwisha. Mwanamke mmoja akasema angalau Kidawa anajua kazi. Kidawa mwenyewe akatikisa kichwa: hajawahi kufinyanga kitu kikasimama, na mama yake anajua.

Wako waliosema Shomari, kwa kuwa mkono wake ndio ulioiachia kamba. Wenzao wakauliza kama watoto wanne wakae bila baba juu ya kukosa mama. Akijitetea, Shomari alisema atatoa mbuzi, atatoa punda, atatoa chochote. Jumbe akamwambia mbuzi hakandi udongo.

Wako waliosema Bi Tausi. Hawa walikuwa wachache, na wakasema kwa haya. Kosa lake lilikuwa dogo kuliko la yeyote. Lakini mikono yake ilikuwa imara, na hakuwa na mume wa kumwacha wala mtoto wa kumlilia, na katika siku zile saba za homa ni yeye aliyemwosha mgeni na kumlisha. Bi Tausi akauliza, kwa hiyo asiye na mtu ndiye wa kubebeshwa makosa ya wenye watu? Wengi wakainama.

Na wako waliosema, tena kwa kunong'ona, kwamba mgeni mwenyewe ana lake. Alikuwa na mdomo. Alitembea siku sita na neno moja, na hakulitoa.

Mwanamvua akalisikia. Akasimama, akikataa kushikwa.

"Ni kweli," akasema. "Pale njia ilipogawanyika nilijua. Nilipofika pangoni nilijua zaidi. Niliona haya kuwasumbua watu wote wale kwa ajili ya chungu. Hilo nitalibeba mimi, na ninalibeba hapa." Akanyanyua kigutu cha mkono wake kilichofungwa kitambaa. "Lakini sikuja hapa kuombewa. Nina wajukuu kumi na mmoja wanaokula kwa mkono uliobaki kwenye pango lenu. Udongo nimeuloweka nyumbani kabla ya kuja, ukikaa zaidi utakauka. Sasa najua kinachouzuia usipasuke, na sina cha kuufinyangia. Kwa hiyo sitaki mtu anayelia. Nataka mtu atakayeamka alfajiri, akande, achote, atwange vigae, na mimi nikisema mdomo umeinama, aunyooshe. Kesho asubuhi naondoka. Nipeni mkono wangu."

Akakaa. Akamwomba Kidawa maji, Kidawa akampa, akanywa.

Jumbe akawatazama watu wake. Akamtazama Shomari aliyesikia sauti saba akaliachia jiwe, na watoto wake wanne wamesimama nyuma yake wakishikilia kanzu. Akamtazama Bi Tausi aliyeiona mikono akanyamaza, mlango wa nyumba yake uko wazi nyuma yake. Akamtazama Kidawa aliyejua yote akasema njia inazunguka. Akafungua mdomo kuhukumu, na neno halikuja. Mpaka chakula cha mchana kikapoa halikuja.

Mimi nimesimulia nilivyosimuliwa, na walionisimulia waliishia hapo hapo, wakiwa wanabishana. Punda amekwisha kutandikwa. Mfinyanzi yuko tayari langoni, na pembeni yake pana nafasi ya mtu mmoja. Basi ninyi mliokaa hapa, msinijibu kwa huruma, nijibuni kwa haki: je, nani alistahili kuwa mkono wa Mwanamvua?